Jua Kali na Ghala Tupu: Tusiache Mbachao

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo unatuhusu sisi tunaoitazama mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ikibomolewa na kujengwa upya.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, istilahi "jua kali" ni fahari. Ilitoka vinywani mwa watu wa kawaida ikaingia katika nyaraka za serikali na vitabu vya uchumi pasipo kutafsiriwa. Hata hivyo, maana yake ya asili ni shutuma: fundi anaunguzwa na jua kwa kuwa hana paa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, na baadaye wakajengewa mabanda. Miaka arubaini imepita, na wengi wangali wanafua masanduku na majiko nje, juani na mvuani.

Ilhali paa lipo. Mitaa kama Makongeni na Kaloleni ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya watu waliofanya kazi katika reli na jijini. Ng'ambo ya reli yakasimama maghala na karakana zenye kuta nene na dari za juu. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za kigeni katika miaka ya 1990, viwanda kadhaa vilifungwa. Jengo la aina hiyo likiachwa tupu, mara nyingi hungojea tingatinga tu.

Nashikilia kwamba majengo hayo yakarabatiwe na kugawanywa kuwa vyumba vya kazi vya mafundi na wachuuzi wadogo. Jambo hili si ndoto. Mwaka 2003 kituo cha sanaa cha GoDown kilifunguliwa katika ghala kuukuu kwenye Barabara ya Dunga, Eneo la Viwanda. Kwa miaka mingi wachoraji, wanamuziki na wacheza ngoma walipata humo mahali pa kufanyia kazi. Ikiwa ghala liliweza kumfaa msanii, litashindwaje kumfaa seremala?

Haja yenyewe ni ya uhai na mauti. Mnamo Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba na watu 15 wakafariki. Mbao na mabati yaliyosongamana hayauzuii moto. Ukuta wa mawe na njia pana huweza kuuchelewesha.

Wapo watakaosema kwamba ardhi hiyo ina thamani kubwa mno kuachiwa wachomeleaji, na kwamba kelele na masizi yao yataharibu urithi wa taifa. Nawajibu kwamba karakana ilijengwa kwa ajili ya kelele na masizi. Jengo hulindwa na matumizi, likifungiwa, huoza. Isitoshe, Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya kihistoria kutangazwa kuwa amana za taifa. Kinachokosekana ni nia.

Pamoja na hayo, tahadhari ni lazima. Soko la Muthurwa lilipofunguliwa mwaka 2008, wachuuzi wengi walirudi katikati ya jiji kwa kuwa wateja wao walibaki huko. Funzo ni kwamba mhusika asipoulizwa, jengo halimfai. Tena, ukarabati ukipandisha kodi, fundi atafukuzwa na paa lile lile alilotengenezewa. Kwa hiyo vyumba vikodishwe kwa vyama vya ushirika vya mafundi wenyewe, kwa mikataba mirefu na kodi isiyopanda kiholela.

Sisi wapenzi wa lugha tunaionea fahari istilahi "jua kali". Basi na tuwatetee waliotupa istilahi hiyo. Siku watakapofanya kazi kivulini, neno hilo litabaki kamusini kama kumbukumbu, na hakuna mwanaisimu atakayelililia.