Haki ya Mzazi Mtumishi

Ndugu zetu, wako makarani wafikishao watoto wao wenye ulemavu shuleni Uhuru Mchanganyiko, kisha hukimbilia kazini. Mtoto akiugua, huomba siku katika livu yao ya mwaka. Hawajui kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yampa mtumishi siku 4 zenye mshahara kwa ugonjwa wa mtoto wake. Haki hiyo yatupasa kuidai. Lakini siku 4 ni za miezi 36. Zitamfaaje mzazi apelekaye mtoto hospitali kila mwezi? Basi twaomba chama kiipeleke hoja hii mbele, siku ziongezwe. Na kila mzazi wa namna hii amwandikie katibu wetu, tujue idadi yetu.