Wacheni Kututisha na Carbonara

Kuna kundi la watu Nairobi ambao wamejipa kazi ya polisi wa sahani. Unawajua. Ukiweka picha ya spageti zako mtandaoni, kabla hata hujameza tonge la kwanza washafika: ati umezivunja, ati umeweka krimu kwenye carbonara, ati Mwitaliano akiona hivyo atalia. Wengi wao Italia wameiona kwa simu tu. Lakini wanaongea kama waliolelewa Roma, kwa shosho mwenye aproni.

Mimi napenda chakula cha Waitaliano. Nakipika mara tatu au nne kwa wiki, kwenye bedsita, juu ya meko yenye kichwa kimoja, kwa sufuria mbili. Na kwa sababu nakipenda, nasema hivi: hawa polisi hawakijui. Wanacholinda si mapishi. Wanalinda tabaka. Wanataka chakula hiki kibaki kwenye meza zenye vitambaa vyeupe kule Westlands, mahali ambapo unalipa kwanza ndipo uruhusiwe kukipenda.

Tuanze na hiyo carbonara yenyewe. Moja ya mapishi yake ya mwanzo kabisa kuchapishwa iko kwenye kitabu kuhusu mikahawa ya Chicago, mwaka wa 1952. Ndiyo, Chicago. Jarida la La Cucina Italiana lilipochapisha yake Agosti 1954, liliweka kitunguu saumu na jibini ya gruyère, jibini ya Uswisi. Leo ukitia hivyo viwili mbele ya polisi wetu, unafukuzwa mezani. Yaani hiyo "mila ya kale" wanayoilinda kwa matusi, kuna wazee wengi hapa Kenya walioizidi umri.

Nyanya je? Zilitoka bara la Amerika baada ya 1492, na kwa muda mrefu Waitaliano wengi walizitazama kwa mashaka. Pilipili nayo ilitoka huko huko. Mahindi pia. Italia yenyewe kama nchi moja ilizaliwa mwaka wa 1861. Kabla ya hapo mpishi wa Milano na mpishi wa Palermo hawakuwa na jikoni moja wala lugha moja ya kugombania. Mmoja alijua siagi na mchele, mwingine mafuta ya zeituni na pasta. Alberto Grandi, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Parma, amekuwa akiwaambia Waitaliano wenzake mambo haya kwa miaka, na mwaka wa 2024 yeye na Daniele Soffiati walitoa kitabu chenye jina la kuchokoza kabisa: vyakula vya Kiitaliano havipo. Alitukanwa vya kutosha. Lakini kutukanwa si kujibiwa.

Na hii kesi ya kuvunja spageti? Napoli kwenyewe kuna pasta ndefu zinazoitwa ziti, na desturi ni kuzivunja kwa mkono kabla ya kuzichemsha. Kwenye supu za nyumbani, spageti zilizovunjwa ni jambo la kawaida huko huko Italia. Kwa hivyo ukinikamata kwa kosa hilo, nenda kwanza ukamate Napoli.

Sasa tuje kwa jambo ambalo polisi hawapendi kulizungumzia. Njaa.

Kaskazini mwa Italia, Veneto na Lombardia, kwa zaidi ya karne moja mkulima maskini alikula polenta asubuhi, mchana na usiku. Polenta ni nini? Ni unga wa mahindi, maji na chumvi, unasongwa kwa mwiko mpaka ukaze. Kwa Veneto hata iko nyeupe. Wewe unaijua kwa jina lingine. Ilipikwa kwenye sufuria kubwa, ikamwagwa juu ya ubao, familia ikazunguka. Kuna hadithi inayosimuliwa sana huko: samaki mmoja mkavu ananing'inizwa kwa uzi juu ya meza, na kila mtu anampangusia kipande chake cha polenta ili kipate harufu. Huo utani wa kula ugali karibu na choma ya jirani, tulidhani ni wetu peke yetu.

Lakini utani uliishia kaburini. Waitaliano walichukua mahindi kutoka Amerika bila kuchukua ujuzi wa wenyeji wa Meksiko, ambao huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na hivyo mwili ukapata vitamini iliyofungika ndani. Waliokula polenta tupu walipata ugonjwa uitwao pellagra, jina lenye maana ya ngozi kali au ngozi kavu kwa lugha ya Lombardia. Ngozi ilipasuka, tumbo likaharisha, akili ikayumba, wengi wakafa. Mamilioni ya Waitaliano walipanda meli kwenda Marekani, Argentina na Brazili kutafuta maisha, na wengi wao walikuwa watoto wa njaa hiyo.

Ndiyo maana hasira yangu hupanda nikiona kwenye menyu ya Nairobi "polenta laini na uyoga", kwa pesa ambayo kwa kibanda ingekulisha ugali na omena wiki nzima, na mtu akiagiza anafunga macho kwa utamu. Mtu huyo huyo ukimpikia ugali mgeni wake akiwa sebuleni, anakuvuta kando: "Si ungepika kitu kingine?" Kwani tofauti ni nini? Ni jina, na ni taa ya mkahawa. Angalia pasta e fagioli, maharagwe na pasta kwenye sufuria moja, chakula cha wakulima: tunakiita cha kistaarabu. Githeri, mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja, tunakiita chakula cha bodin. Ribollita ya Toscana ni supu ya jana iliyotiwa mkate uliokauka na sukuma nyeusi, kisha ikachemshwa tena. Kiporo, kwa kifupi. Kiporo chenye pasipoti.

Sisemi Waitaliano wametudanganya. La. Wamefanya kitu ambacho sisi tumekataa kufanya. Wamechukua chakula cha aibu, chakula cha mama aliyekosa nyama, wakasema hiki ndicho sisi. Hapo ndipo pa kujifunza kwao. Kujua krimu inaingia wapi na haiingii wapi ni jambo dogo.

Wacha pia niwageukie wa upande wa pili, kwa sababu najua washaanza kushangilia. Wale wa "kila mtu apike anavyotaka, chakula ni chakula". Hapana, buda. Kama hakuna asili takatifu, bado kuna kupika vizuri na kupika vibaya. Ukichemsha spageti dakika ishirini na tano mpaka zikawa uji, kisha ukazimwagia tomato sos ya chupa, hujakomboa Afrika. Umeharibu unga.

Maskini wa Italia hawakuwa na nyama, ndiyo maana walikuwa na uangalifu. Wana kanuni rahisi: lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za pasta. Chumvi inaingia kwenye maji kwa sababu baadaye haiwezi kuingia ndani ya pasta yenyewe. Unatoa pasta ikiwa bado na ukakamavu kidogo katikati, unamalizia kuipika ndani ya mchuzi. Yale maji meupe uliyochemshia yana wanga; ukitia kidogo kwenye mafuta na kutikisa sufuria, mafuta na maji vinashikana, mchuzi unaipaka pasta badala ya kukaa chini ya sahani kama dimbwi. Hiyo si siri ya tajiri. Ni maji ambayo wengi wetu tunayamwaga kwenye sinki.

Na jibini ya Parma ikikushinda bei? Kusini mwa Italia, Sicilia na Calabria, maskini hawakuwa nayo pia. Walichukua mkate mkavu, wakausaga, wakaukaanga kwa mafuta mpaka ukawa rangi ya dhahabu, wakaunyunyizia juu ya pasta. Mimi hutumia kipande cha mwisho cha mkate, kile ambacho kila mtu hukiruka. Nikifanya hivyo siigizi Uitaliano wa bei rahisi. Napika mapishi yao kama walivyoyapika waliokuwa na mfuko kama wangu.

Kuna watakaoniuliza: mbona uwapigie debe Waitaliano, hujui walichofanya Ethiopia na Somalia? Najua. Walivamia Ethiopia mwaka wa 1935, na Somalia waliitawala kwa miongo. Lakini nenda Islii uone Wasomali walichofanya na pasta ya mkoloni. Baasto inakuja na suqaar, ina xawaash, na kando yake kuna ndizi mbivu. Unakula ndizi pamoja na pasta, tonge moja. Hakuna aliyeomba ruhusa Roma. Sijaona polisi hata mmoja wa sahani akienda Islii kuwafundisha akina mama wa pale kwamba ndizi haifai. Hawathubutu.

Teremka Pwani. Tambi zimekuwa jikoni kwa Waswahili tangu enzi na enzi, na huvunjwa makusudi, zikakaangwa kidogo, zikatiwa tui la nazi, sukari na iliki. Endelea mpaka Malindi. Waitaliano walikuja huko na mradi wao wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka wa 1967, kisha wakafuata watalii na wenye nyumba. Leo kuna vijana wa Malindi wanaoongea Kiitaliano kuliko Kiingereza, na kuna Wagiriama ambao wamekanda unga wa piza miaka mingi kuliko umri wako. Ukitaka mtaalamu wa chakula cha Kiitaliano Kenya, yuko pale, mikono imejaa unga. Lakini jina kwenye ubao wa nje mara nyingi ni la mwingine.

Hilo linanikumbusha Pellegrino Artusi. Mwaka wa 1891, huko Firenze, alichapisha kwa pesa zake mwenyewe kitabu cha mapishi ambacho wachapishaji walikuwa wamekikataa. Kilianza na mapishi 475, na kwa miaka iliyofuata kikafika 790, kwa sababu wanawake wa nyumbani kutoka sehemu nyingi za Italia walimwandikia barua wakimtumia mapishi yao. Jikoni kwake, waliopika na kujaribu ni Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli. Keki moja kitabuni ina jina la Marietta, na Artusi alipofariki mwaka wa 1911 aliwaachia hao wawili haki za kitabu. Hivyo ndivyo "mila" ilivyotengenezwa. Mtu aliuliza, mtu akajibu, ikaandikwa, na waliopika wakatajwa.

Desemba 2025 UNESCO iliingiza upishi wa Kiitaliano kwenye orodha yake ya turathi. Sawa, wanastahili, na mimi nilifurahi. Lakini ni Wakenya wangapi wanajua kwamba mwaka wa 2021 UNESCO hiyo hiyo iliitambua Kenya kwa kazi ya kuhifadhi vyakula vyake vya asili? Managu, terere, mrenda, kunde, vitu tulivyokaribia kuvitupa kwa sababu viliitwa mboga za maskini, vilirudi sokoni kwa jasho la wanasayansi na akina mama wa vijijini. Hata Slow Food, harakati iliyoanzia Italia, imeweka maziwa ya Pokot yanayotiwa majivu kwenye vyakula inavyovilinda. Mwitaliano anayelinda mursik ya Pokot, na sisi hapa tunalinda carbonara. Hebu fikiria.

Kinachoniuma ni hiki: shosho zetu wanaondoka. Kila mwaka anazikwa mtu aliyejua muthokoi unakobolewa vipi, mrenda unatiwa magadi kiasi gani, majani ya kunde ya uchungu yanalazwa na maziwa siku ngapi. Hakuna aliyeandika. Na kizazi chenye simu zenye kamera bora kuliko zote tangu dunia iumbwe kinatumia simu hizo kubishana kuhusu krimu.

Kwa hivyo usiache kupika Kiitaliano. Pika zaidi. Pika kama wao, yaani kwa ulichonacho na kwa adabu. Jumamosi hii nunua kitunguu saumu na pilipili kwa mama mboga, pakiti ya spageti dukani. Kata saumu nyembamba, ipashe kwenye mafuta kwa moto mdogo mpaka inukie, isiungue. Zivunje spageti ukitaka, sufuria yako ni ndogo. Zikiendelea kuchemka, mpigie shosho simu, muulize kunde zake anazipikaje, na uandike anachosema, na jina lake juu ya karatasi. Na hayo maji ya spageti usiyamwage kabla hujachota kikombe kimoja.