Umri wa Simba na Nidhamu ya Risasi

Wako watu wanaoamini kwamba simba dume akiuawa porini, kilichopungua ni simba mmoja tu. Sivyo hata kidogo. Twapenda kulieleza jambo hili kwa kirefu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wenye kubeba silaha, na wengi wao hulinda mipaka na barabara ambazo nyara za wanyama huweza kupitishwa.

Kundi la simba ni la majike: mama, mabinti, dada na watoto wao. Madume huwa wachache, mara nyingi ndugu wawili au watatu, na kazi yao kubwa ni kuilinda himaya dhidi ya madume wageni. Ulinzi huo haudumu. Baada ya miaka miwili au mitatu hivi huja wengine wenye nguvu zaidi, wakawafukuza wenyeji na kuwaua watoto wachanga waliowakuta, ili majike warudi mapema kushika mimba. Mimba ya simba ni kiasi cha miezi mitatu na nusu, lakini mtoto huhitaji karibu miaka miwili kabla ya kuweza kujitegemea. Basi dume akipigwa risasi mara tu baada ya kulitwaa kundi, watoto wake huachwa bila mlinzi. Na kama walikuwa ndugu wawili, yule aliyebaki hawezi kusimama peke yake.

Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania imeuendeleza katika mapori ya akiba na vitalu vyake, na huko ndiko somo hili lilikojifunzwa kwa gharama. Kati ya mwaka 1996 na 2008 idadi ya simba waliowindwa nchini humo ilishuka kwa nusu, na vitalu vilivyokuwa vikiua simba wengi zaidi ndivyo vilivyoporomoka zaidi. Tayari mwaka 2004 wataalamu, wakitumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti na Ngorongoro, walikuwa wameonyesha kwamba madume waliotimiza miaka mitano au sita wakiwindwa peke yao, makundi hayadhuriki, kwa kuwa wamekwisha kulea kizazi chao. Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, walishika kanuni ya miaka sita, na Tanzania ikaiweka katika kanuni zake mwaka 2010.

Lakini simba hatembei na cheti cha kuzaliwa! Mwindaji bingwa hutundika chambo mtini, akajificha na kungoja. Kisha hutazama pua, ambayo kwa kijana ni ya waridi na huzidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Hutazama manyoya ya shingo, makovu ya uso na meno. Asipokuwa na hakika, humwacha apite. Hapo ndipo penye shida, kwa maana mgeni amekwisha kulipa fedha nyingi, siku zake zimebaki chache, na fedha ina haraka kuliko jicho. Askari aliyefunzwa vema ataelewa upesi: hafyatui risasi kabla ya kuitambua shabaha, hata akisukumwa na nani. Kanuni ya miaka sita ni nidhamu hiyo hiyo, wala si jambo la kigeni kwetu.

Hapa Uganda wazee wetu wa jeshi wanakumbuka jinsi bunduki za kivita zilivyowafyeka wanyama wa mbuga zetu wakati wa vita vya mwaka 1979 na miaka iliyofuata. Wakati ule hakuna aliyetazama pua ya mnyama. Siku hizi silaha mbaya zaidi ni sumu. Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu katika Mbuga ya Queen Elizabeth, simba kumi na mmoja walikutwa wamekufa kwa sumu, majike watatu na watoto wanane. Machi 2021, simba sita wakakutwa wamekufa huko Ishasha, miili yao imekatwakatwa. Majike watatu wakifa pamoja na watoto wao, hakuna kanuni ya umri itakayolirudisha kundi lile. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana haki ya kusikilizwa, nasi twasema asikilizwe mapema, kabla hajaenda dukani kununua sumu.

Kwa hiyo twawakumbusha askari na polisi walio kwenye vizuizi vya barabarani: ngozi, kucha, meno au mafuta ya simba yasiyo na kibali ni ushahidi wa kosa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Na doria ikikuta mzoga wa simba na tai waliokufa kandokando yake, pasiguswe kitu kwa mikono mitupu. Mahali palindwe, watu na mbwa wazuiwe, na askari wa wanyamapori waitwe mara moja.