Pua Iliyosahau Karafuu

Wengi wetu tumeliona jambo hili majumbani. Mgonjwa wa korona amepoa homa, kikohozi kimetulia, amerudi jikoni. Kisha hasikii harufu ya bizari wala ya udi, na pilau mdomoni mwake ni kama karatasi. Chumvi ikizidi, twamwambia kwa mzaha kwamba amechoka kupika. Twakiri kwamba mzaha huo ni dhuluma.

Hayo si madeko. Virusi hudhuru seli zinazozitegemeza neva za harufu, zilizo juu ndani ya pua. Neva hizo zina sifa adimu mwilini: huweza kuzaliwa upya. Ila zinaporudi, mara nyingine hupotea njia, na hapo kahawa au kitunguu cha kukaanga humnukia mtu kama kitu kilichooza. Akiinuka siniani kabla ya wenziwe, asilaumiwe. Apewe wali mweupe, mtindi au tunda, chochote anachokistahimili, ili asidhoofike.

Mwaka 2009, kabla ya korona kujulikana, Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya zoezi la kunusa. Harufu zao zilikuwa nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Twatabasamu tuisomapo orodha hiyo, kwani sehemu yake kubwa imo kabatini mwetu! Kila harufu iwe katika kikopo chake. Mgonjwa ainuse kwa upole kadiri ya sekunde 10 hadi 20, akiikumbuka ilivyokuwa, apumzike kidogo, kisha aendee ya pili. Afanye hivyo asubuhi na jioni kwa wiki 12, au zaidi. Si wote wapatao nafuu, na wapatao huipata polepole. Mafuta yasitiwe puani, na moshi wa udi usifanywe zoezi, kwani huchokoza kifua.

Kifua nacho kina mafunzo yake. Wataalamu wa tiba ya viungo humfundisha mgonjwa kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye chai ya moto. Kazi za nyumbani azigawe, akate mboga ameketi, apumzike kabla ya kuchoka. Ambaye kila akijikaza hulala kitandani siku mbili asihimizwe kujikaza zaidi. Na anayetweta hali ametulia, au kifua kinamuuma, apelekwe hospitali bila kungoja.

Lililobaki ni la watu wa nyumbani. Asiyesikia harufu hajui gesi inapovuja, wala maziwa yanapochacha. Basi maziwa yanuswe na mwingine kabla ya kutiwa chaini, na kila usiku mmoja wetu aende jikoni ahakikishe kwamba mtungi umefungwa.