KUPITA SI KUFIKA

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, nao watu huongeza kuwa kutembea ndiko kuona zaidi. Mimi nakubali nusu tu. Mtu aweza kutembea sana na asimjue mtu hata mmoja.

Tazameni mabasi ya Nairobi na Mombasa. Kila siku yanapita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Abiria hununua machungwa dirishani, basi likaondoka. Akifika kwao husimulia ati Wakamba ni wachawi. Jamani, uchawi huo aliuona wapi, dirishani? Nasi pia tukienda Pwani siku moja kutazama Fort Jesus, twarudi tukisema ati watu wa huko ni wavivu!

Ajuaye watu ni yule aliyeshuka, akakaa, akasikiliza. Mwaka wa 1849 mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifunga safari kutoka Rabai hadi Kitui. Alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Kule London, msomi William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata habari za theluji katika milima yetu.

Tena si lazima twende mbali. Pale Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Msafiri yeyote hupewa chakula bure, haulizwi dini wala kabila. Wangapi kati yetu wameingia?

Basi rai yangu kwa chama chetu ni hii. Safari ya mwaka ujao isiwe ya kupiga picha tu. Tuandikie shule moja ya Pwani, tulale kwa wenyeji siku mbili, tupike na kula nao. Kisha wao waje kwetu waonje muthokoi. Mtaniambia wengi hawana nauli. Ni kweli, lakini asiye na nauli ataweza kupokea mgeni. Sisi wa shule ya kutwa hatuna mabweni, ila nyumba tunazo.

Walimu wetu wapendwa, mwasemaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone.