Kengele Ikilia Usiku

Na Zuhura Mbwana Kheri

Demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia kunakosababishwa na magonjwa ya ubongo, ni hali isiyotulia mahali pamoja. Mgonjwa ambaye leo anahitaji kukumbushwa dawa tu, baada ya miaka miwili huenda asiitambue hata saa inayomkumbusha. Vifaa erevu vya uangalizi, kama vile vitambuzi vya mlango na mwendo vinavyopeleka taarifa kwa njia ya simu, hufungwa siku moja, ilhali ugonjwa huendelea kila siku.

England imelipima jambo hili kwa uangalifu unaostahili kuigwa. Katika jaribio lililoitwa ATTILA, wagonjwa 495 waliokuwa wakiishi majumbani waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likapewa vifaa kamili kwa kadiri ya mahitaji yaliyotathminiwa, jingine likaachiwa vya msingi tu, kama king'ora cha moshi na kitufe cha kuombea msaada. Walifuatiliwa kwa wiki 104, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba vifaa vya ziada viliwachelewesha kuhamia makao ya wazee, wala kwamba viliwapunguzia walezi mzigo. Ni matokeo ya kusikitisha, lakini yanaeleweka: kitambuzi hujua kwamba mlango umefunguliwa saa nane za usiku, ila kumfuata mzee barabarani, kumtuliza na kumrudisha kitandani ni kazi ya mtu, na mtu huyo, ambaye mara nyingi ni mke, mume au binti, ndiye pia anayechaji betri na kuamshwa na kengele zinazolia bure.

Kisha kuna waya. Uingereza inaziondoa laini za simu za zamani na kuhamia intaneti, kazi iliyopangwa kukamilika Januari 2027, na kengele nyingi za wazee zilizitegemea laini hizo. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya kengele kushindwa kufanya kazi, kampuni za simu ziliahidi kusitisha kuwahamisha wateja kwa lazima. Mgonjwa wa demensia hawezi kutarajiwa agundue mwenyewe kwamba kitufe chake kimekufa. Kwa hiyo halmashauri inayonunua vifaa hivi inapaswa kutenga, katika bajeti hiyohiyo, mshahara wa mtu atakayerudi kila baada ya miezi michache kuvikagua, kuvibadilisha ugonjwa unapozidi, na kumpokea mlezi zamu ya usiku.