Mbiu ya Forest Gate isipuuzwe tena

MWEZI Juni 2012, wiki chache kabla ya London kufungua michezo ya Olimpiki, majumba ya sinema ya Uingereza yalianza kuonyesha filamu ya Ill Manors. Iligharimu takribani pauni 100,000, kupitia mpango wa taasisi ya Film London uliowasaidia waongozaji chipukizi kutengeneza filamu za gharama ndogo. Olimpiki ilitengewa pauni bilioni 9.3 za umma. Uwanja mkuu wa michezo hiyo ulijengwa Stratford. Filamu ilihusu maisha ya Forest Gate. Sehemu zote mbili zimo Newham, mashariki mwa London.

Dunia ilielekeza macho uwanjani. Onyo lililotoka mtaa wa pili halikupata wa kulifanyia kazi, na gharama yake imelipwa kwa damu ya watoto.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Ben Drew, anayejulikana zaidi kwa jina lake la muziki la Plan B, ni kijana wa Forest Gate. Alifukuzwa shule, akapelekwa katika kituo cha wanafunzi walioshindikana. Aliyoyaweka kwenye filamu hakusimuliwa na mtu.

Mmoja wa wahusika wake ni Jake, mvulana mdogo anayekwenda na rafiki yake kutafuta bangi. Genge linaloongozwa na Marcel linampa sharti: akitaka kuwa mwenzao, ampige rafiki huyo. Anampiga. Haupiti muda anatumwa kuua, naye anaua. Mwingine ni Michelle, mwanamke aliyetekwa na dawa za kulevya. Analaumiwa kwa kupotea kwa simu ya Ed, muuza unga. Ed anamzungusha usiku kucha kwenye migahawa ya mtaani, akimuuza kwa wanaume mmoja baada ya mwingine mpaka fedha ya simu itimie. Hakuna askari anayetokea, wala jirani anayeuliza.

Wapo watakaosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kisha wawatupie lawama wazazi. Lakini Ed na mwenzake Aaron hawakulelewa na mama zao. Walikulia mikononi mwa dola, katika malezi ya watoto wasio na pa kwenda. Hapo mzazi aliyeshindwa kufunza ni serikali yenyewe, na ndiyo inayopaswa kuulizwa.

Wala mbiu haikuwa hiyo moja. Agosti 2011, kifo cha Mark Duggan, aliyepigwa risasi na polisi Tottenham, kilizusha ghasia zilizosambaa hadi Birmingham na Manchester. Watu 5 walipoteza maisha. Mahakama zilikesha zikitoa hukumu. Wakati huo huo, halmashauri zilikuwa zikifunga vituo vya vijana kwa kukosa fedha. Kwa hesabu za shirika la YMCA, matumizi ya huduma za vijana nchini England yalishuka kwa takribani asilimia 70 katika muongo ulioanza mwaka 2010. Kijana aliyekuwa na mahali pa kucheza mpira na mtu mzima wa kumsikiliza alibaki na kijiwe, na kijiweni alimkuta Marcel.

Mwaka 2021, vijana 30 wenye umri wa miaka isiyozidi 19 waliuawa London, wengi wao kwa visu. Ni idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliorekodiwa jijini humo.

Badala ya kusikiliza, baadhi ya wakubwa wamezoea kuzilaumu filamu. Novemba 2019, kampuni ya sinema ya Vue iliiondoa Blue Story, filamu ya Rapman kuhusu magenge ya kusini mwa London, baada ya vijana kupigana kwenye jengo la sinema Birmingham. Siku chache baadaye iliirudisha. Kuondoa filamu ukumbini hakujapata kumpokonya mtoto kisu.

Dawa ipo, na Uingereza inaijua. Mwaka 2005 polisi wa Glasgow, Scotland, walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili kilichoyachukulia mauaji ya visu kama ugonjwa wa kuzuiwa. Polisi, madaktari, walimu na maofisa ustawi wa jamii walikaa meza moja, na waliotaka kuacha genge walisaidiwa kupata kazi. Mwaka 2004-05 Scotland ilikuwa na mauaji 137. Muongo mmoja baadaye idadi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. London ilianzisha kitengo chake mwaka 2019, miaka 14 baadaye.

Jambo hili linatugusa hata sisi huku Afrika Mashariki. Wapo wazazi wenye asili ya Kisomali waishio London waliowarudisha watoto wao Somalia, Somaliland na Kenya wakiwakimbiza visu. Mzazi aliyeikimbia vita akitafuta usalama, kisha akaona mwanawe atakuwa salama zaidi alikotoka yeye, ametoa hukumu nzito kuliko ripoti yoyote ya bunge.

Chama cha Labour kiliingia madarakani Julai 2024 kwa ahadi ya kupunguza uhalifu wa visu kwa nusu ndani ya muongo mmoja, pamoja na kuanzisha vituo vipya vya vijana. Kupiga marufuku aina fulani za visu na mapanga ni hatua njema, ila kisu cha jikoni kimo katika kila nyumba. Tunaitaka serikali hiyo irudishe fedha za vituo vilivyofungwa, ipunguze kufukuza watoto shule, na iwalee hadi utu uzima wale iliowachukua. Ahadi hiyo ipimwe kwa jambo moja tu: idadi ya watoto wanaozikwa kila mwaka.